Wanne shimoni: shajara ya mradi wa Torchlight II na modi zake

Lengo

Watu wanne, laptopu nne za mtumba, na hotspoti ya simu isiyo na hata shilingi ya bando. Tunataka kuimaliza Torchlight II, gemu la kompyuta la kupigana mashimoni, mwanzo hadi mwisho tukiwa pamoja, bila modi yoyote (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe), katika ugumu wa Veteran. Tukishamaliza tunaanza upya na modi, tuone gemu lenyewe linabeba mzigo kiasi gani. Wachezaji ni dada yangu, shemeji (mumewe), mdogo wetu wa mwisho ambaye ukoo mzima unamwita Dogo, na mimi. Uwanja ni sebule ya dada, Tanga, Ijumaa baada ya isha, watoto wakishalala.

Sheria ni moja: mhusika wa mradi hachezwi peke yake katikati ya wiki. Aliyeipendekeza ni dada, na alipokuwa akiisema alikuwa anamtazama shemeji.

Kwa nini hili na si jingine

Mezani kulikuwa na majina matatu. Diablo II, ya mwaka 2000, ndiyo babu wa ukoo wa gemu za aina hii, na shemeji aliicheza chuoni hadi akakariri milio ya milango. Grim Dawn, iliyotoka rasmi 2016, ina giza tamu na inapokea wachezaji wanne, lakini tulipoijaribu kwenye laptopu ya dada feni ililia mpaka tukaizima kwa huruma. Torchlight II ilitoka Septemba 2012 na haidai makuu. Kwa maelezo ya watengenezaji, kompyuta ya Windows XP yenye RAM ya GB 1 ilitosha kwa kuanzia. Kwa mashine zetu, ambazo bado zina gundi ya stika za ofisi zilikotoka, mjadala uliishia hapo.

Waliolitengeneza, Runic Games ya Seattle, Marekani, walianza kazi 2008. Miongoni mwa waanzilishi ni ndugu wawili, Max na Erich Schaefer, waliokuwa katika timu iliyoiunda Diablo, na Travis Baldree, aliyetengeneza Fate ya 2005. Ukiwajua hao unaijua Torchlight kabla hujaigusa. Mashimo yanayojichora upya kila ukianza, pamoja na silaha zinazodondoka kwa rangi za thamani, ni urithi wa Diablo. Mnyama anayekufuata, anayebeba mizigo yako na kwenda mjini kuuza huku wewe ukiendelea kupigana, na anayegeuka kiumbe kingine ukimlisha samaki, katoka Fate. Muziki ni wa Matt Uelmen, yule yule aliyepiga gitaa la Diablo. Shemeji alilitambua gitaa hilo kwenye menyu ya kwanza, kabla mtu hajamwambia.

Torchlight ya kwanza, ya 2009, ilikuwa ya mtu mmoja tu, na watu waliilalamikia sana kwa hilo. Ya pili ikafungua mlango kwa wachezaji hadi sita, kwa intaneti au kwa LAN, yaani mtandao wa ndani wa kompyuta zilizo pamoja. Kwetu LAN ndiyo kila kitu: haihitaji akaunti wala seva ya mbali. Runic yenyewe ilifungwa Novemba 2017, na sebuleni hakuna kilichobadilika kwa sababu ya habari hiyo.

Ijumaa ya kuunganisha

Kazi ilikuwa ndogo kuliko tulivyoiogopa. Simu ya dada inawasha hotspoti, data ya simu inazimwa, laptopu zote nne zinaingia humo. Simu imekuwa ruta tu, haimpelekei mtu intaneti. Kwenye gemu unachagua LAN, mmoja anafungua mchezo, wengine wanauona kwenye orodha na kuingia.

Laptopu ya Dogo peke yake haikuona kitu. Kwenye Windows, mtandao mpya ukiuchagua kuwa wa hadhara, faiwoli, kinga ya mtandao ya kompyuta, inaficha kompyuta yako kwa wenzako, na gemu linakosa njia ya kujitangaza. Kuubadilisha kuwa mtandao wa binafsi, kisha kuiruhusu Torchlight II kwenye orodha ya faiwoli, kulimaliza tatizo. Ninaliandika kwa urefu kidogo kwa sababu watu wengi wakifika hapo huanza kulipakua gemu upya, na hilo halisaidii chochote.

Umeme ulikatika tukiwa tunachagua nywele za wahusika. Betri za laptopu zikashika, hotspoti nayo ikaendelea, na tukacheza kwa mwanga wa skrini mpaka betri ya shemeji ikaaga. Aliyefungua mchezo ndiye mwenye dunia: mashine yake ikizima, wote mnatolewa nje. Tangu siku hiyo anayefungua ni mwenye betri nzima zaidi, cheo kingine hakitazamwi.

Nani ni nani

Kuna aina nne za wahusika na sisi tu wanne, kwa hiyo kila mmoja alichukua yake. Shemeji ni Berserker, mtu wa ngumi na makucha anayekimbilia mbele kila asikiapo mlio. Dada ni Outlander mwenye bastola mbili. Dogo ni Embermage, mchawi wa moto, barafu na radi. Mimi nikabaki na Engineer na nyundo yake kubwa.

Kila aina ina kipimo chake kinachojaa ukipigana, na hapo gemu limetengenezwa kwa akili. Cha Berserker kikijaa, kwa sekunde chache kila pigo lake linakuwa zito kuliko la kawaida. Embermage anapata muda wa kurusha uchawi bila kulipia mana, nguvu inayotumika kwa uchawi. Outlander anazidi kuwa mwepesi kadiri anavyoendelea kupiga. Engineer anajaza pointi na kuzitumia atakapo, jambo linalomfaa mtu mvivu wa kufikiri haraka kama mimi. Nilichukua mapema ule ujuzi wa kutengeneza roboti kadogo kanakoponya. Kanakufuata na kuwatibu walio karibu, na kwa muda wote wa mradi shemeji amekuwa akimwita daktari.

Wanyama: dada alichukua kipanga, shemeji bulldogi, mimi chui mweusi, na Dogo kicheche mwenye miwani ya rubani. Mkumbuke huyo kicheche.

Sura ya kwanza na ya pili, bila modi

Hadithi ni nyepesi. Yule Alchemist, ambaye katika gemu la kwanza ulikuwa unaweza kumcheza mwenyewe, ameharibiwa na moyo wa joka alilolishinda. Ameuteketeza mji wa Torchlight na sasa anakwenda akiharibu kila anakopita. Wewe unamfuata nyuma ukizoa majivu. Hakuna kati yetu anayeisoma. Dada anabonyeza mazungumzo yote yapite, na ameshauliza mara kadhaa kwa nini tunamfukuza huyo mzee.

Kinachotufanya turudi ni jinsi gemu linavyowagawia watu. Kila mchezaji anaona nyara zake peke yake. Bosi, yaani adui mkuu wa eneo, akianguka, skrini yangu inaonyesha vitu vyangu, ya shemeji vyake, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Katika Diablo II ya zamani kilichodondoka kilikuwa cha mwenye kidole chepesi, na shemeji anakiri urafiki uliwahi kuvunjika kwa pete moja. Humu tunapeana kwa hiari. Nikipata bastola nampigia dada kelele, naye akipata nyundo anaitupa miguuni kwangu. Sehemu kubwa ya kelele za Ijumaa ni biashara hiyo.

Adui wanaongezeka uhai kadiri wachezaji wanavyoongezeka. Hata hivyo wanne wenye silaha nzuri tuliipita sura ya kwanza bila jasho, na Jenerali Grell, bosi wake, hakutuchelewesha. Ukifa unaweza kulipa dhahabu ufufuke palepale, kulipa kidogo uanzie mlangoni mwa eneo hilo, au urudi mjini bure. Shemeji analipa kila mara. Dhahabu yake haijawahi kuvuka sifuri kwa kiasi cha kuonekana.

Sura ya pili ni jangwa, na makao yake ni mji wa Zeryphesh. Huko ndiko kuliko na Fazeer Shah, jini anayekutuma kazi huku akikudharau waziwazi. Sisi watu wa pwani tuna uzoefu wa hadithi za majini, ila huyu ana maringo ya karani wa kaunta. Dada, ambaye huruka mazungumzo yote, ya huyu aliyasikiliza hadi mwisho, mara mbili.

Halafu kuna uvuvi. Mabwawa madogo yametapakaa kila mahali. Unatupa ndoano, unasubiri duara lijikunje, unabonyeza, unapata samaki wa kumlisha mnyama wako. Ila gemu linauza pia baruti: unairusha bwawani, samaki wanaelea wengi kwa pamoja. Tanga hapa uvuvi wa baruti si mzaha, matumbawe yameliwa nao kwa miaka mingi na watu wamepoteza mikono. Dada alisema baruti haitumiki katika sebule yake, hata ya kwenye skrini. Tukaiweka kuwa sheria ya pili. Dogo alinung'unika kwa sababu alikuwa ameshanunua rundo zima.

Kumaliza

Sura ya tatu ni misitu na vinamasi, tuliipita upesi na sina la kuisimulia sana. Baada yake unarudi kwenye magofu ya Torchlight, unashuka migodini, na chini kabisa, kwenye mashine kubwa ya saa, yupo Netherlord, bosi wa mwisho. Alituua wote kwa zamu. Tulimwangusha pale tulipoacha kumzunguka kila mtu na lake. Dogo alirusha barafu ili watumishi wake wapunguze mwendo, dada akawamaliza wakiwa mbali, na shemeji, kwa mara ya kwanza, alikaa ndani ya duara la roboti yangu.

Gemu bila modi ni zuri. Ugumu wa Veteran kwa watu wanne wanaopeana vitu ni mdogo. Na kuna kero za kweli: kamera iko karibu mno, kwa hiyo wachezaji wanne wakirusha moto wao pamoja huoni adui wala nduguyo. Pia pointi za ujuzi ukishazitumia, unaweza kurejeshewa zile tatu za mwisho tu. Mtu aliyewekeza vibaya leveli ya nane anabeba aibu hiyo hadi ya mia.

Wiki ya modi: kila mtu na njaa yake

Kuanzia 2013 Runic waliwapa wachezaji kihariri kilekile walichotumia wao wenyewe, kinachoitwa GUTS, pamoja na njia ya kuchapisha modi kwenye Workshop, sehemu ya modi katika Steam, duka la gemu la mtandaoni. Ndiyo sababu gemu la 2012 bado lina watu. Modi ni faili moja lenye mwisho wa .MOD. Linakaa ndani ya Documents, My Games, Runic Games, Torchlight 2, kwenye folda inayoitwa mods. Dirisha la kuanzishia gemu linaonyesha modi ulizo nazo, unaweka alama kwenye unazotaka, na mwisho ni modi kumi kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo kucheza na wenzako kunatofautiana kabisa na kucheza peke yako. Peke yako modi ni kama chumvi mezani, kila mtu anatia yake. Mkiwa wanne, orodha lazima iwe ileile kwenye mashine zote nne, vinginevyo hamkutani. Kwa hiyo kila modi inahitaji kura, na kura inahitaji hoja. Tulikaa jioni nzima bila kucheza, tukibishana, na sijutii.

Dogo alikuja na orodha ndefu kuliko kumi. Wahusika wapya, mbawa, mapango ya ziada, silaha zenye majina ya kutisha. Shemeji hakutaka hata moja, anaamini gemu linachezwa kama lilivyotoka kiwandani. Dada alitaka kamera tu. Msimamo wangu ni kwamba modi zinagawanyika makundi mawili: zinazoondoa usumbufu na zinazoondoa njaa. Kamera inayorudi nyuma zaidi inaondoa usumbufu. Dawa za kunywa kurundikana nyingi katika nafasi moja ya mfuko, vilevile. Modi inayokuanzishia na silaha ya leveli ya mia imeondoa njaa, na ukishiba hulifungui gemu tena wiki inayofuata.

Zilizopita: kamera, rundo la dawa, kinywaji cha kufuta pointi zote za ujuzi ili uzigawe upya, na sanduku kubwa zaidi la kuhifadhia vitu. Ya tano ilikuwa Synergies, na yenyewe nitaieleza peke yake. Mbawa zilipata kura moja.

Kabla ya kuwasha: nakala

Wahusika wanaochezwa na modi gemu linawaweka folda tofauti, modsave, mbali na wale wa kawaida walio katika save. Huo ni ulinzi mzuri, maana mashujaa wetu waliomuua Netherlord wako salama. Lakini ndani ya modsave kwenyewe hakuna ulinzi. Nilitengeneza nakala ya mhusika wa dada kwa makusudi, nikamvalisha kofia iliyoletwa na modi, nikazima modi hiyo na kumfungua tena. Kofia haikuwapo. Nilipoirudisha modi, kofia haikurudi nayo. Mhusika ambaye aina yake nzima imeletwa na modi anategemea modi hiyo kwa kila kitu. Ukiitoa, hana pa kusimama.

Ndiyo maana sasa kila Ijumaa kabla ya kuanza, folda ya modsave ya kila mtu inanakiliwa kwenye flashi ya dada. Hilo dada anasimamia mwenyewe, na anaipa folda jina la mwezi na juma.

Siku tuliyokataliwa mlangoni

Kila mtu ana modi tano, majina yale yale, mpangilio ule ule. Mimi na shemeji tukakutana, dada akaingia, Dogo akakataliwa.

Tuliangalia mtandao kwanza kwa sababu ndio wenye historia naye. Mtandao ulikuwa mzima. Tukahesabu modi, tano. Kilichotutoa gizani ni ukubwa wa mafaili. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, soma idadi ya baiti, linganisha na mwenzako. Faili moja la Dogo lilikuwa kubwa kuliko letu. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa amejiunga nayo kupitia Workshop, na Workshop hujisasisha yenyewe ikipata intaneti. Mwenye modi alikuwa ametoa toleo jipya. Jina halikubadilika, ila vilivyomo vilibadilika, na gemu halisomi jina pekee.

Tukaamua chanzo cha modi ni flashi, basi. Mtu mmoja anapakua, anaweka kwenye flashi, wote wananakili kutoka hapo, na hakuna kusasisha mpaka tumalize sura. Toleo jipya likiwa zuri kiasi gani, litasubiri.

Kuna jambo la pili lililotokea hapohapo. Kile kinywaji cha kufuta pointi kilikuwa kiuzwe na mfanyabiashara wa mjini, na hakikuonekana dukani. Modi mbili zetu zilikuwa zinagusa orodha ileile ya bidhaa za mfanyabiashara huyo. Modi mbili zikibadilisha faili moja, gemu haliyachanganyi mabadiliko yake. Linachukua la ile iliyopewa kipaumbele na kuliacha lingine. Tulibadilisha mpangilio kwenye dirisha la kuanzishia, kwa wote wanne, na kinywaji kikatokea. Ile iliyoshindwa ilipoteza kitu kimoja kidogo ambacho hakuna aliyekihitaji. Ukitaka zote mbili zipate haki yake, inabidi uziunganishe kwa mkono ndani ya GUTS. Dogo alisema atafanya. Kauli hiyo ndiyo iliyozaa sehemu ya mwisho ya shajara hii.

Synergies

Hii si modi ya kiraka. Imelijenga gemu upya: aina mpya za wahusika, miongoni mwao Necromancer, seti za mavazi, mabosi wa kupigwa na kundi, na makundi ya adui mazito kiasi kwamba njia uliyoizoea huitambui. Dogo aliachana na Embermage wake na kuwa Necromancer siku hiyohiyo.

Nyanda za sura ya kwanza, ambazo bila modi tulizipita tukipiga soga, zilituua kabla hatujafika shimo la kwanza. Shemeji alikimbia mbele kama kawaida yake, akazungukwa, akalipa dhahabu, akazungukwa tena, dhahabu ikaisha. Baada ya hapo alianza kutembea. Sijawahi kumwona akitembea katika gemu lolote. Necromancer wa Dogo anaita mifupa inayokwenda mbele kupokea mapigo, dada anapiga juu ya vichwa vyao, mimi nakaa katikati na roboti yangu. Ghafla kuna kazi ya kila mtu, na ukimkosa mmoja unaona pengo lake. Usiku ambao dada alikuwa na mtoto mwenye homa tulijaribu kwenda watatu, tukarudi mjini.

Nimeijaribu pia peke yangu, na mhusika asiye wa mradi. Sikuipenda. Unakimbia nyuma, unapiga kidogo, unakimbia tena, mpaka mkono unachoka. Kwa wanne ndiyo modi bora niliyoiona kwa gemu hili. Kwa mmoja ningeiacha.

Bei yake ipo. Laptopu ya dada, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote, inakwama adui wanapojaa na mifupa ya Dogo ikijaa nayo. Tulishusha vivuli, tukapunguza ukubwa wa picha, na Dogo akakubali kwa shingo upande kupunguza idadi ya mifupa anayoiita. Kamera ya mbali, ambayo dada mwenyewe aliipigania, inaongeza mzigo pia, kwa kuwa mashine inachora eneo kubwa zaidi. Anaisogeza karibu kwenye mapigano makubwa na kuirudisha mbali wakitulia. Hataki kuiondoa.

Dogo na GUTS

GUTS ni bure kwa mwenye gemu, na ukikifungua unaelewa jinsi mashimo yanavyotengenezwa. Hakuna mtu aliyechora kila pango. Kuna vipande, chumba hiki, ushoroba ule, kona yenye ngazi, na kuna kanuni zinazosema kipande gani kinaweza kufuatana na kipi. Gemu linaviunga upya kila safari. Ukishajua hivyo unaanza kuvitambua vipande ukiwa unacheza, na shemeji amekasirika kwamba siri imefichuka. Sasa kila kona anasema hii tulishaipita.

Kiumbe naye ni kurasa za sifa tu: uhai kiasi gani, kasi gani, sauti gani, ukubwa gani. Unanakili aliyepo, unabadilisha namba, unampa jina, unachapisha, unapata faili lako la .MOD. Dogo alipaswa kuunganisha zile modi mbili za dukani. Alianza na kicheche.

Kicheche wake wa miwani alimnakili, akampa jina jipya, akamwongeza ukubwa. Tulipoingia shimoni mnyama alikuwa mrefu kuliko Berserker wa shemeji. Uwanjani alipendeza kwa kweli. Kwenye ushoroba mwembamba alijaza skrini, na tulipigana tukiwa tunatazama mgongo wa kicheche. Dada alikufa bila kumwona aliyemuua. Shemeji, mpinzani wa modi zote duniani, ndiye aliyecheka hadi akatoka nje, na ndiye aliyepiga kura ya kumbakiza.

Kura zikawa mbili kwa mbili. Dada na mimi tulitaka arudi kuwa kicheche wa kawaida.

Hali ya sasa

Tuko sura ya pili na modi tano, ugumu ni uleule wa Veteran. Kupanda Elite kumeahirishwa mpaka Synergies iache kutuaibisha. Jini tumeshamfikia, maringo yake hayakupungua. Sheria ya baruti imebaki. Modi za dukani bado hazijaunganishwa, na Dogo anadai kazi hiyo iko karibu, nasi tunamjua. Nakala za modsave zipo, zimepimwa, zinafunguka. Kila modi mpya itakayopendekezwa inasubiri mwisho wa sura, hata kama imeandikwa kwamba ni ndogo.

Kuhusu kicheche, Dogo ametengeneza toleo la pili lenye namba ndogo zaidi na amelileta kwa ajili ya Ijumaa ijayo. Ila flashi iko kwa dada, na dada amesema faili halipandi humo mpaka amwone kicheche mwenyewe kwenye skrini, na asizidi magoti.